Ashonaye Nguo Yake

Sindano ni chombo kidogo sana. Ikianguka chini hutafutwa kwa shida, na ikipotea hapana mtu atakayelia, maana bei yake ni ndogo kuliko bei ya andazi. Walakini hapana mtu, mjini wala shambani, asiyekuwa mdeni wake. Shati la mwanafunzi, kanzu ya mzee, gauni la bibi arusi, gunia la mkulima na tanga la mvuvi, vyote vimepita chini ya ncha yake. Sindano huwavika watu wote, na yenyewe hukaa uchi.

Zamani karibu kila nyumba ilikuwa na mtu ajuaye kuitumia sindano. Siku hizi watu wengi hununua nguo zilizokwisha kushonwa, wala hawajui zimetoka wapi, zimeshonwa na nani, na kwa namna gani. Kifungo kikikatika, nguo huwekwa kando. Mshono ukifumuka, nguo hutupwa. Mtu aweza kuvaa nguo maisha yake yote asiielewe hata moja.

Somo hili laeleza habari za kushona: jinsi kazi hii ilivyoanza, jinsi ilivyobadilika, na faida aipatayo mtu ashonaye nguo zake mwenyewe. Wengi hudhani ya kuwa faida hiyo ni kuokoa fedha. Mara nyingine ndivyo, lakini si kila mara, kwa kuwa siku hizi kitambaa kipya huweza kuwa ghali kuliko shati zima la mtumba. Iko faida nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo ni hii: ashonaye hujifunza kuona.

1. ASILI YA SINDANO NA NGUO

Kabla watu hawajajua kufua chuma, walishona kwa sindano za mifupa. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamezikuta sindano za namna hiyo katika nchi ya baridi ya Siberia, nazo hukadiriwa kuwa na umri wa miaka 40,000 hivi. Watu wa huko walishona ngozi za wanyama wapate kujikinga na baridi; mtu asiyekuwa na vazi lililoshonwa vizuri hakuweza kuishi. Jambo la ajabu ni kwamba sindano zile za mifupa zina ncha upande mmoja na tundu upande wa pili, kama sindano iuzwayo dukani leo. Vyombo vingi vimebuniwa tangu wakati huo na kuachwa, bali sindano ya mkono haikubadilika umbo lake.

Katika pwani ya Afrika Mashariki kazi ya nguo ni ya zamani pia. Msafiri Ibn Battuta alifika Mogadishu mwaka 1331, akaandika ya kuwa nguo zilizofumwa katika mji ule zilipelekwa hata Misri. Katika magofu ya Kilwa vimeonekana vigurudumu vidogo vya udongo, ambavyo watu walivitumia kwa kusokota pamba iwe uzi.

Katika karne ya 19 kitambaa kingi kilianza kuletwa kwa merikebu. Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, alifanya mkataba wa biashara na Marekani. Tangu hapo wafanyaji biashara wa nchi ile wakaleta majora ya kitambaa kigumu cha pamba kisichotiwa rangi, kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts. Watu wakakiita merikani, na jina hilo limebaki katika lugha mpaka leo. Kitambaa hiki kilichukuliwa na misafara hata bara, na huko kilitumika mahali pa fedha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipotokea Marekani, tangu mwaka 1861 hata 1865, pamba ikawa adimu, na merikani ikapanda bei. Ndipo vitambaa vya Bombay vilipopata nafasi kubwa katika soko la Unguja.

Yafaa kuangalia jambo moja. Merikani ilitoka mbali, lakini ilifika ikiwa jora, yaani kitambaa kizima kisichokatwa. Aliyekinunua hakununua vazi. Alinunua kazi iliyokuwa ikimngoja. Kupima, kukata na kushona kulibaki mikononi mwa wenyeji, na ujuzi wake haukutoka katika miji yao.

2. KUPIMA NA KUKATA

Waswahili wa zamani walipima kitambaa kwa viungo vya mwili. Toka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimetanuliwa, ni shubiri moja, yapata inchi 9. Shubiri mbili ni mkono mmoja, yaani toka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, yapata inchi 18. Mikono miwili ni wari moja, na wari mbili ni pima moja, yaani urefu wa mtu aliyenyosha mikono yake huku na huku. Lakini mkono wa mtu mrefu si sawa na mkono wa mtu mfupi, na kwa sababu hiyo palikuwa na mabishano mengi madukani. Siku hizi fundi hutumia utepe wa kupimia wenye inchi 60, wala hapana haja ya kubishana.

Baada ya kupima huja kukata, nako ndiko kutishako kuliko kazi zote za ushonaji. Mshono mbaya waweza kufumuliwa na kushonwa upya, bali kitambaa kilichokatwa vibaya hakirudi kuwa kizima. Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo fundi hodari hukitandaza kitambaa, akakinyosha, akakipiga chaki, akasimama kukitazama. Kisha hupima tena, ndipo atiapo mkasi.

Hukitazama nini? Hutazama nyuzi zake. Kila kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za namna mbili: mtande, ambao ni nyuzi ziendazo kwa urefu wa jora, na mshindio, ambao ni nyuzi zipitazo kwa upana. Mtande ni imara, haunyoki sana. Nguo ikikatwa kwa kufuata mtande hukaa sawa mwilini. Ikikatwa mshazari, yaani kwa kukingama nyuzi, hunyoka na kulegea. Mara nyingine fundi hutaka iwe hivyo, na mara nyingine huwa ni kosa lake. Mtu asiyeshona hulalamika ya kuwa suruali yake yazunguka mguuni baada ya kufuliwa. Mshonaji huinama akatazama nyuzi, akajua sababu.

3. KANZU NA KOFIA

Kanzu huonekana kuwa vazi jepesi kabisa, kana kwamba ni mfuko wenye mikono. Lakini mtu aifumuaye kanzu atakuta vipande vingi, na kila kipande kina jina na kazi. Badani ni kipande kikubwa cha mwili, mbele na nyuma. Taharizi ni vipande vya ubavuni viendavyo vikipanuka mpaka chini, ili mvaaji apate nafasi ya kupiga hatua. Kaba ni kitambaa kitiwacho ndani ya shingo, isipasuke wakati wa kuvaa na kuvua. Tena kuna kikwapa, kipande kidogo kitiwacho chini ya mkono.

Kikwapa hakionekani na watu. Mwenye kanzu aweza kuivaa miaka 10 asijue ya kuwa kipo. Walakini kama hakikutiwa, siku ya kwanza atakapoinua mkono kumwamkia rafiki yake, mshono wa kwapani utafumuka. Mtu fulani zamani aliinua mkono wake, akasikia nguo ikimbana, akafikiri, akapata dawa. Fikira ya mtu huyo, asiyejulikana hata jina, imo katika kila kanzu ishonwayo kwa desturi ile. Basi ashonaye hushika mkononi mwake fikira za watu waliomtangulia.

Uangalifu mkubwa zaidi hutakiwa katika kushona kofia nyeupe ya mkono, ambayo Unguja, Lamu na miji mingine ya pwani imesifiwa kwayo. Kofia hiyo ina sehemu mbili: kipande cha juu, kilicho cha duara, na ukanda uzungukao kichwa. Kitambaa huwekwa maradufu, na juu yake huchorwa maua, nyota au mafumbo mengine. Kisha hutobolewa vitundu vidogo kwa kufuata mchoro, na kila kitundu huzungushiwa uzi kwa sindano mpaka ukingo wake ukawa mgumu. Vitundu hivyo hupamba, tena hupitisha hewa, kwa kuwa nchi ni ya joto. Huko Omani pia, nchi iliyokuwa na uhusiano wa miaka mingi na Unguja, wanaume huvaa kofia za namna hii.

Kofia moja nzuri huchukua wiki nyingi, hata miezi. Mshonaji hawezi kufanya haraka, maana kitundu kimoja kikiwa kikubwa kuliko vingine, jicho la mtazamaji huenda pale pale. Wala hawezi kufanya kazi akiwa na hasira, kwa sababu mkono wenye hasira huvuta uzi kupita kiasi, na kitambaa hujikunja. Hana budi kutulia. Hushona kitundu hiki, kisha hiki, kisha hiki. Haba na haba hujaza kibaba. Watu wengi wameona ya kuwa baada ya saa moja ya kazi hiyo moyo uliokuwa na fadhaa huwa umetulia, kwa kuwa mtu atazamaye kitundu kimoja hawezi kuwaza mambo 20 kwa wakati mmoja.

4. KUBUNIWA KWA CHEREHANI

Kwa muda wa maelfu ya miaka nguo zote za ulimwengu zilishonwa kwa mkono. Katika karne ya 19 watu wa Ulaya na Marekani walijaribu kutengeneza mashine ya kushona, yaani cherehani. Mfaransa mmoja, Barthélemy Thimonnier, aliyekuwa mshonaji, alipewa hati ya serikali kwa mashine yake mwaka 1830. Akafungua karakana mjini Paris yenye mashine 80, akaanza kushona mavazi ya askari. Mwaka 1831 washonaji wa mji ule, wakiogopa kupotewa na riziki yao, wakaivamia karakana, wakazivunja mashine. Thimonnier hakuacha kujaribu, lakini alikufa maskini mwaka 1857.

Huko Marekani Elias Howe alitumia njia nyingine. Badala ya kutoboa sindano upande wa nyuma, alitoboa tundu karibu na ncha. Sindano iliposhuka iliuchukua uzi mpaka chini ya kitambaa, na huko uzi wa pili, uliochukuliwa na chombo kidogo kiendacho huku na huku, ukapita katika kitanzi cha uzi wa kwanza, na nyuzi mbili zikafungana. Mwaka 1845 Howe alishindana na wanawake 5 mahodari wa kushona kwa mkono, akawashinda wote. Mashine yake ilipiga mishono 250 kwa dakika moja. Alipata hati yake tarehe 10 Septemba 1846. Isaac Singer akatengeneza mashine iliyo bora zaidi mwaka 1851, na kampuni yake ikaanza kuuza cherehani kwa malipo ya kidogo kidogo, hata watu wasio matajiri wakaweza kuzipata. Lakini Howe alimshtaki kwa kutumia fikira yake, na Singer akalazimika kumlipa.

Faida ya cherehani ilikuwa kubwa. Kwa hesabu iliyofanywa Marekani katikati ya karne ile, shati la mwanamume lililotaka saa zaidi ya 14 za kazi ya mkono lilishonwa kwa cherehani kwa muda wa saa moja na robo tu. Mama aliyekesha usiku akishonea watoto wake alipata kulala. Tena cherehani ilimpa riziki mtu asiyekuwa na shamba wala duka. Katika miji ya Afrika Mashariki mafundi wengi wameketi barazani mbele ya maduka ya vitambaa, wakikanyaga cherehani zao, na kwa kazi hiyo wamesomesha watoto. Basi asidhani mwanafunzi ya kuwa cherehani ni adui wa sindano. Ni sindano ile ile, ila imepewa miguu.

5. MIKONO ISIYOONEKANA

Lakini upande mwingine wa habari hii ni wa huzuni. Nguo zilipoanza kushonwa kwa upesi, palijengwa viwanda vikubwa, na wanunuzi wakazoea kupata nguo nyingi kwa bei ndogo. Mnunuzi hakumwona tena mshonaji, na jambo lisiloonekana husahauliwa upesi.

Tarehe 25 Machi 1911 moto ulizuka katika kiwanda kimoja cha blauzi mjini New York. Mlango mmojawapo ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na wafanyakazi hawakuweza kutoka. Watu 146 wakafa, wengi wao wakiwa wasichana waliotoka nchi nyingine kutafuta kazi. Baada ya msiba ule sheria nyingi zilitungwa huko kuwalinda wafanyakazi.

Zaidi ya miaka 100 baadaye, tarehe 24 Aprili 2013, jengo la orofa 8 lililoitwa Rana Plaza lilianguka karibu na mji wa Dhaka, katika nchi ya Bangladesh. Ndani yake walikuwamo washonaji wa nguo zilizopelekwa Ulaya na Marekani. Siku iliyotangulia nyufa zilionekana ukutani. Maduka na benki zilizokuwa chini zilifungwa, bali washonaji waliamriwa kurudi kazini, kwa kuwa nguo zilikuwa zikingojwa. Watu zaidi ya 1,100 wakafa.

Hapa ndipo faida ya kujua kushona ionekanapo. Mtu asiyewahi kushona, akiona shati la bei ndogo sana, hufurahi tu. Mtu aliyewahi kushona hata shati moja hulichukua, akageuza mshono wake, akatazama kola, akahesabu vifungo, kisha akajiuliza: kazi hii yote imelipwa nini, na nani aliyeifanya? Mashati karibu yote hushonwa kwa mashine ziongozwazo na mikono ya watu. Hata katika kiwanda kikubwa yupo mtu aketiye mbele ya cherehani, akiongoza kitambaa kwa vidole vyake. Ashonaye humwona mtu huyo, ingawa yuko mbali.

Nguo zilizochakaa za Ulaya na Marekani nazo hufungwa marobota, zikaletwa Afrika, zikauzwa kwa jina la mitumba katika masoko kama Gikomba mjini Nairobi na Owino mjini Kampala. Watu wengi hupata riziki na mavazi mema humo. Lakini katika kila robota zimo nguo zisizofaa, nazo huishia jaani. Nguo iliyochukua pamba ya mkulima, maji ya mto na jasho la mshonaji hutupwa, pengine kwa sababu ya kifungo kimoja.

6. NAMNA YA KUANZA

Mwanafunzi atakaye kushona hahitaji cherehani. Ahitaji sindano, uzi, mkasi, kipande cha kitambaa, na kastabini ya kukinga kidole. Uzi wake usizidi mkono mmoja, maana uzi mrefu hufanya mafundo. Aanze kwa kupiga bandi, yaani kushona kwa hatua ndefu zilizo sawa, katika mstari ulionyoka. Mstari wa kwanza utapinda kama njia ya nyoka, wala asione haya. Akiisha kunyosha bandi, ajifunze kurudisha sindano nyuma kidogo katika kila mchomo, kwa kuwa mshono wa namna hii ni imara na haufumuki upesi. Kisha ajifunze kukunga upindo, kutia kifungo, na kutia kiraka.

Baada ya hayo atafute mwalimu asiyedai ada, naye ni shati kuukuu. Alifumue pole pole kwa wembe au ncha ya mkasi, bila kupasua kitambaa, akiandika kila kipande kilivyofuatana na chenzake. Atakuta vipande viwili vya kifua, kipande cha mgongo, cha mabega, mikono miwili, vipande vya kola na vya vikofi, vyote pamoja zaidi ya 10. Ataona pia mambo yaliyofichwa: kitambaa kigumu ndani ya kola, na mshono wa ubavuni uliokunjwa mara mbili ili nyuzi zisitoke. Vipande hivyo akivipasi na kuviweka juu ya kitambaa kipya, amepata kiolezo cha shati lake la kwanza.

Kitambaa kipya cha pamba kifuliwe kabla ya kukatwa, kwa kuwa pamba hurudi, yaani hupungua, ikiingia maji mara ya kwanza. Aliyesahau jambo hili hushona nguo yake, akaifua, akamwachia mdogo wake.

Kazi hii si ya wasichana peke yao. Mafundi waliosifiwa kwa kanzu na makoti katika miji ya pwani walikuwa wanaume. Vitundu vya kofia vimeshonwa na wanawake na wanaume pia. Sindano haiulizi ni nani aishikaye. Huuliza kama mkono wake ni mtulivu.

Kazi ya mwisho ni kutengeneza kilichoharibika, nayo ndiyo ya kwanza kwa faida. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mshono uliofumuka kidole kimoja leo hushonwa kwa dakika tano; ukiachwa, wiki ijayo utakuwa shubiri nzima. Watu wengine huona haya kuvaa nguo yenye kiraka. Lakini kiraka kilichotiwa vizuri, nyuzi zake zikifuata nyuzi za nguo, na pembe zake zikiwa sawa, hushuhudia ya kuwa mwenye nguo ana akili na mikono. Haya ni ya yule awezaye kutengeneza, naye akatupa.

7. MWISHO

Si lazima kila mtu awe fundi, wala haiwezekani kila mtu ashone nguo zake zote. Mkulima ana shamba lake, na karani ana daftari zake. Lakini aliyeshona vazi moja tu kwa mkono wake, toka kupima mpaka kifungo cha mwisho, hatazami tena nguo kwa macho ya zamani. Atachagua kwa uangalifu, maana anajua mshono mzuri na mshono wa hila. Hatanunua asichohitaji, maana anajua saa za kazi zilizomo ndani yake. Hatapunja ujira wa fundi, maana mgongo wake mwenyewe umekwisha kuuma kwa kuinama. Na nguo yake ikichanika hatafadhaika, bali atatafuta sindano.

MASWALI

1. Sindano za mifupa za Siberia zafanana nini na sindano za leo?
2. Kwa nini kitambaa cha merikani kiliitwa hivyo? Bei yake ilipandishwa na nini baada ya mwaka 1861?
3. Shubiri ngapi ni wari moja? Pima moja ni inchi ngapi?
4. Eleza tofauti ya mtande na mshindio. Kwa nini fundi huzitazama nyuzi kabla ya kukata?
5. Kikwapa cha kanzu kina kazi gani?
6. Elias Howe alibadili nini katika sindano, na mishono yake ilifungwaje?
7. Washonaji wa Paris walizivunja mashine za Thimonnier. Je, walikuwa na haki ya kuogopa? Toa sababu.
8. Tafuta nguo moja nyumbani iliyofumuka au iliyokatika kifungo. Itengeneze, kisha andika maneno 100 kueleza uliyoyaona katika mshono wake.